Kinachomvuta Mfanyakazi Mafunzoni: Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Mafunzo kazini ni mafundisho anayopewa mtu ambaye tayari yumo kwenye ajira. Anaweza kuyapata palepale anapofanyia kazi, au akaondolewa kwa siku chache kwenda semina, au akapewa ruhusa ya miaka kwenda chuo. Hamu ya mafunzo hayo ina sehemu tatu: kuyatafuta, kuyahudhuria kwa moyo, na kuyatumia baada ya kurudi. Sehemu hizo hazifuatani kila mara. Yupo anayehudhuria bila kutafuta kwa kuwa barua imetoka kwa mkurugenzi, na yupo anayetafuta kwa udi na uvumba, akapata, kisha asitumie chochote kwa sababu alichokuwa akikisaka ni cheti tu. Maofisini husikika kauli ya haraka kwamba watumishi hawapendi mafunzo, wanapenda posho. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayohitaji maelezo.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu mjini Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ilitoka mkoa wa Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wengi ni Wasukuma wanaolima pamba, mahindi, mtama na dengu, na kufuga ng'ombe. Wenye ajira ya mshahara ni wachache, na mwajiri wao mkubwa ni serikali: walimu, wauguzi, maafisa ugani, watendaji wa kata na vijiji, wahasibu wa halmashauri. Baada yao wanafuata vibarua na mafundi wa vinu vya kuchambua pamba, makarani wa vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS, na wahudumu wa hoteli za Lamadi, karibu na mpaka wa Serengeti. Kwa hiyo anayezungumzia mafunzo kazini Simiyu anazungumzia kwanza watumishi wa umma, na kati yao, walimu.

Kutoka mizani hadi kisomo

Hamu ya kujifunza kwa ajili ya kazi haikuanza na semina za hoteli. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi. Asiyejua kusoma namba hakuwa na njia ya kubishana na karani. Malalamiko hayo yalisaidia kuzaa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo jina la kiongozi wake, Paul Bomani, haliwezi kutenganishwa nalo. Ushirika ulihitaji watunza vitabu, wapima pamba na makatibu, na vijana waliojifunza kazi hizo walikuwa wanaingia kwenye nafasi iliyowangoja. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963 kwa mahitaji ya namna hiyo hiyo nchi nzima.

Kisha ukaja mradi wa majaribio wa kisomo cha manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuendeshwa katika mikoa ya kanda ya ziwa, Shinyanga na Mwanza zikiwemo, kati ya 1968 na 1972. Vitabu vyake havikuanza na hadithi za sungura. Vilifundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba, migomba, ufugaji na uvuvi, kila eneo na kazi yake. Mwaka 1973 serikali ilitoa agizo la elimu ya wafanyakazi, kwamba kila mahali pa kazi pawe na madarasa. Agizo lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini darasa lililowekwa kwa sababu agizo limetoka lilidumu kadiri msukumo wa agizo ulivyodumu. Kwenye kisomo cha pamba, kinyume chake, mtu mzima alikuwa anaona somo lake shambani wiki hiyo hiyo.

Wataalamu wa elimu ya watu wazima wamekieleza kinachomvuta mtu mzima kujifunza kwa njia nyingi. Mmarekani Cyril Houle, katika utafiti alioutoa mwaka 1961, aliwagawa wanaojifunza ukubwani katika makundi matatu: wenye lengo maalumu, wanaofuata shughuli na watu, na wanaopenda elimu kwa ajili ya elimu. Mwenzake Patricia Cross, mwaka 1981, aligeuza swali akauliza kinachowazuia watu, akataja vikwazo vya hali ya maisha, vikwazo vya taasisi zenyewe, na vikwazo vilivyo moyoni mwa mtu. Kwa Simiyu swali la Cross lina faida zaidi. Kundi la kwanza la Houle ni kubwa mno hapa kiasi kwamba kuwagawa watu hakutuambii mengi.

Cheti na muundo

Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, nguvu kubwa kuliko zote ni cheti, na sababu zake zina tarehe. Kuanzia Mei 2004, sifa ya chini ya kuingia utumishi wa umma iliwekwa kuwa kidato cha nne. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe. Baadaye waliguswa pia wale wa darasa la saba walioajiriwa baada ya Mei 2004. Madereva, walinzi, watendaji wa vijiji na wahudumu wa ofisi waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi walijikuta nje ya ajira. Waliobaki walipata somo ambalo hakuna semina ingeweza kulitoa. Watu wa makamo wakaanza kusoma jioni kwa ajili ya QT, yaani mtihani wa maarifa, wengine wakafanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakikaa ukumbi mmoja na watoto wa majirani zao.

Hofu ya kupoteza kazi inasukuma, na tamaa ya kupanda inavuta. Katika ualimu ngazi za mshahara, TGTS, zinajulikana na kila mtu: mwenye cheti cha daraja A huanzia TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Mwalimu wa shule ya msingi huko Itilima anayejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, anafanya hesabu hiyo kabla hajalipa ada. Anajua pia kwamba akimaliza atasubiri kubadilishiwa muundo wa utumishi, yaani kuhamishiwa kwenye ngazi za elimu yake mpya. Huko kusubiri ndiko kunakovunja moyo. Mtu anaweza kuhitimu na akakaa muda mrefu bila barua, na barua ikija anaanzia ngazi ya kuingilia ya muundo mpya huku mshahara wake wa zamani, kama ulikuwa mkubwa zaidi, ukibaki kuwa mshahara binafsi. Wenzake wa rika lake ambao hawakwenda kusoma wameendelea kupanda madaraja. Mwalimu kijana aliyeko chumba cha walimu anatazama yote haya, na uamuzi wake wa kujiendeleza au kutojiendeleza unafanyika pale, bila mtu yeyote kuuona.

Mwanasaikolojia Victor Vroom alieleza mwaka 1964 kwamba mtu hutia bidii akiamini mambo mawili kwa pamoja: kuwa jitihada yake itafanikiwa, na kuwa mafanikio hayo yatalipwa kwa kitu anachokithamini. Likikosekana moja, hamu inashuka hata kama lingine lipo tele. Wahadhiri wa vyuo huongeza nguvu upande wa kwanza, kumfanya mtu aweze. Upande wa pili uko mikononi mwa afisa utumishi.

Posho

Posho ya kujikimu ni malipo halali ya chakula na malazi kwa mtumishi aliye nje ya kituo chake. Mwaka 2022 serikali ilipandisha viwango vya safari za ndani, cha juu kutoka Sh120,000 hadi Sh250,000 kwa siku, na cha chini kutoka Sh80,000 hadi Sh100,000. Kwa mtu wa mshahara wa kijijini, semina ya siku tano Bariadi inaweza kumwachia akiba kubwa kuliko mwezi mzima wa kubana matumizi, hasa akilala kwa ndugu. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la misaada la Norway, Norad, na kuchapishwa mwaka 2012, uliziangalia Ethiopia, Malawi na Tanzania, ukaonyesha jinsi posho zinavyogeuza semina kuwa nyongeza ya mshahara na kuchagua nani anahudhuria.

Mwenye macho atauona ushahidi ukumbini. Asubuhi daftari la mahudhurio linazunguka na kila mtu anatia saini kwa makini. Saa nane mchana mwezeshaji bado anaeleza, lakini shingo zimegeukia mlango wa nyuma, kwa sababu mhasibu ameingia na bahasha ya fomu za malipo. Mwezeshaji mzoefu hukatisha somo, malipo yakafanyika, kisha akamalizia na waliobaki.

Hata hivyo ni kosa kuhitimisha kwamba posho ndiyo hamu yenyewe. Posho inachagua watu zaidi kuliko inavyowavuta. Mkuu wa idara anapojua kuna posho, anapeleka jina lake au la mtu wake wa karibu, na mhusika wa kazi anabaki kituoni. Muuguzi wa zahanati ya Meatu anayezalisha akina mama usiku anasikia kuhusu mafunzo ya uzazi salama kutoka kwa aliyehudhuria, ambaye hajashika kitanda cha kujifungulia kwa miaka. Akiambiwa mara ya tatu kwamba orodha imeshafungwa, haulizi tena, na ofisini panaandikwa kwamba mwamko wa watumishi ni mdogo.

Mfumo wa PEPMIS unatoa kipimo kizuri cha hamu isiyo na posho. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 watumishi walitakiwa kujaza kazi zao na tathmini zao katika mfumo huo wa kielektroniki, ulioshika nafasi ya OPRAS, utaratibu wa tathmini uliokuwepo tangu 2004. Hakuna aliyemlipa posho mwalimu wa kijijini ajifunze kujaza. Lakini walimu walikaa chini ya mwembe na simu zao, aliyeelewa akimwonyesha asiyeelewa, na penye mtandao hafifu wakapanda kilima kuutafuta. Walijua kwamba asiyejaza atakosa tathmini, na asiye na tathmini atasahaulika katika kupandishwa daraja.

Somo linalorudi darasani

Simiyu imekuwa uwanja mkubwa wa mafunzo ya walimu kazini. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, uliihusisha pamoja na mikoa mingine kama Shinyanga, Mara na Kigoma. Baada yake ukaja Shule Bora, ambao nao uliiweka Simiyu katika mikoa yake tisa. Sambamba na hiyo, Taasisi ya Elimu Tanzania imesimamia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu wote sasa wanayaita MEWAKA. Msingi wa MEWAKA ni jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja hukutana shuleni kwao, wakachagua mada inayowashinda, wakaijadili na kujaribu darasani.

Mwanzoni wengi waliyapokea shingo upande. Mafunzo ya shuleni hayana safari, kwa hiyo hayana posho, na yanakula saa za jioni ambazo mwalimu angekuwa shambani. Mahali yaliposhika mizizi, jambo moja lilijirudia: kilichofundishwa Jumatano kilitumika Alhamisi. Chukua somo la KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji cha Bariadi ana watoto mia na zaidi, wengi wao wakiongea Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili cha shule kwa mara ya kwanza. Anajifunza kwa mwenzake kukata mfuko wa saruji, kuugeuza upande safi, na kuandika silabi kubwa zinazosomeka hadi nyuma ya darasa. Anakusanya vizibo vya soda, watoto wanahesabu kwa vikundi. Wiki ya pili anaona mtoto aliyekuwa bubu ananyoosha mkono. Mwalimu huyo atarudi kwenye jumuiya bila kusukumwa.

Mwalimu mwingine amepelekwa semina ya ufundishaji kwa kompyuta na shule yake haina umeme. Amesikiliza, amepewa cheti cha ushiriki, amerudi. Hamu yake ya semina ijayo imepungua kwa sababu ya semina iliyopita, na hakuna kipimo cha mwisho wa semina kitakachoonyesha hivyo, maana kwenye fomu alijaza kwamba mafunzo yalikuwa mazuri sana. Kwa maoni yangu hili la kutumika ndilo lenye uzito kuliko mengine yote baada ya cheti, na ndilo linalopewa nafasi ndogo zaidi katika mipango.

Mkuu wa kituo ana sehemu yake hapa. Mtu akirudi na jambo jipya na bosi wake akamwambia "hapa tuna utaratibu wetu", somo limekufa siku hiyo. Mwalimu mkuu anayekaa kwenye jumuiya kama mwanafunzi, akauliza na kukosolewa, huwavuta walimu kuliko yule anayekagua mahudhurio kwa mbali. Kuna pia uhamisho: mwalimu aliyefunzwa KKK kwa mwaka mzima anahamishiwa darasa la sita au wilaya nyingine, na aliyeachiwa darasa anaanza upya.

Kalenda ya pamba

Mtumishi wa Simiyu ni mkulima pia. Pamba hupandwa kuanzia Novemba hadi Desemba, palizi inakaza Januari na Februari, mavuno na soko huanza karibu na Mei. Dengu zinaingia mvua zinapoishia. Semina inayopangwa wakati wa palizi itapata watu wenye miili ukumbini na akili kwenye majani. Mwanamke hubeba zaidi, kwa kuwa kuna shamba, kuna mtoto wa kunyonya, na kuna swali la nani atabaki nyumbani akienda kulala Bariadi kutoka Mwanhuzi au Mwandoya, wilayani Meatu. Kozi ya siku moja moja karibu na nyumbani inampata. Kozi ya miezi mitatu Dodoma huishia kwa wanaume na wasio na watoto.

Pamba inagusa mafunzo kwa njia nyingine isiyoonekana haraka. Halmashauri hutegemea ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017. Uzalishaji wa pamba nchini ulishuka kutoka takribani tani 349,000 msimu wa 2019/20 hadi karibu tani 122,000 msimu uliofuata. Mapato yakishuka hivyo, kifungu cha mafunzo ni cha kwanza kukatwa, kwa sababu hakipigi kelele kama kifungu cha dawa au mafuta ya magari. Mtumishi aliyeahidiwa kusomeshwa anaambiwa asubiri bajeti ijayo.

Upande wa ugani, serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini mwaka 2022. Pikipiki si mafunzo, lakini ilibadilisha hamu ya mafunzo. Bwana shamba asiyeweza kufika vijijini hana haja ya mbinu mpya ya kupima nafasi ya mistari ya pamba. Akiweza kufika, wakulima watamuuliza maswali, na aibu ya kukosa jibu itamrudisha kwa watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yaliyofanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018 hadi 2020, yalifanya kazi kama hiyo: vipando vilikuwa mbele ya macho, na afisa aliyesimama bandani alilazimika kujua anachokionyesha.

Viwandani na vinuni

Kwenye sekta binafsi hesabu ni ya mwajiri kwanza. Mchumi Gary Becker alitofautisha mwaka 1964 ujuzi unaofaa popote na ule unaofaa kiwanda kimoja, akasema mwajiri hasiti sana kulipia wa pili lakini huogopa kulipia wa kwanza, maana aliyefunzwa ataondoka nao. Kinu cha pamba kinafanya kazi miezi michache kwa mwaka. Kibarua wa msimu hafundishwi zaidi ya kazi ya zamu yake. Fundi anafundishwa na fundi: anakaa karibu na mzee aliyezoea mashine za rola, anajifunza kutambua kwa sikio kwamba kisu kimesogea au ngozi ya rola imelika kabla nyuzi hazijaanza kukatika. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa na hauna karatasi.

Karatasi inaweza kupatikana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huendesha urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, akifaulu hupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17, iliweka fedha katika utaratibu huo na katika uanagenzi. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, SDL, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara na ikashushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake huenda VETA. Mwenye kinu anayelipa tozo hiyo na kulalamika kwamba hapati mafundi ana haki ya kuuliza fedha yake imefundisha nani.

Umri, heshima na lugha

Kikwazo cha moyoni alichokitaja Cross kina sura yake Usukumani. Mtu mzima kukosea mbele ya kijana aliyesomea chuo ni jambo zito. Mwezeshaji wa miaka ishirini na sita anayemwita muuguzi mkongwe kwa jina tupu amempoteza kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Anayemwita Mama, akamwomba aeleze alivyokuwa akifanya miaka ya nyuma, kisha akaongeza jipya juu ya hilo, anapata ushirikiano. Lugha nayo inachuja. Maelezo yanayotupwa ukutani kwa Kiingereza kwa watendaji wa vijiji yanawafanya watikise vichwa kwa adabu. Yakitolewa kwa Kiswahili, mikono inanyooshwa.

Neno kwa mhusika

Utaratibu wa utumishi wa umma unamtaka kila mwajiri atathmini mahitaji ya mafunzo na kuandaa mpango wa mafunzo wa taasisi. Mtumishi wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa au Meatu ambaye hajui kama jina lake limo kwenye mpango huo aende ofisi ya utumishi ya halmashauri yake akauone, na kama halimo, aombe kwa barua, akieleza ni kazi gani ataifanya tofauti akirudi. Aombe mapema, kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.